Kanda la Usufi

Hapo zamani palikuwa na kijiji bondeni, kimezungukwa na vilima pande zote. Moshi wa kijiji hicho haukuwa na pa kwenda. Asubuhi ulipanda kutoka kwenye matanuri, majiko na barabara, ukagota vilimani, jioni ukarudi kulala juu ya mapaa. Mwanzoni wenyeji waliuona ni dalili ya neema, kwani palipo na moshi pana chungu motoni. Kisha mvua zikaacha msimu wake, joto likakataa kupungua hata usiku, na watoto wakawa wanalala wakikohoa.

Jumbe wa kijiji, Mzee Tembo, akapiga mbiu. Wakuu wa kazi sita wakaja chini ya mbuyu. Alikuja Kimulimuli, mwenye matanuri makubwa ya makaa yaliyowapa wote mwanga. Alikuja Kigogota mhunzi, ambaye nyundo zake zilisikika tangu alfajiri. Alikuja Mchwa mjenzi, aliyeweka jiko la kuotea moto ndani ya kila nyumba. Alikuja Punda, mwenye mikokoteni ya mafuta iliyojaa barabara zote. Alikuja Ng'ombe, mwenye mashamba. Wa mwisho alikuwa Fisi, mlinzi wa jaa, akaketi kando kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa karibu naye.

"Moshi ni wetu sote," akasema Jumbe. "Basi kila mmoja apewe kipimo chake."

Wakakubaliana. Kila mkuu akaandikiwa idadi ya vikapu vya moshi atakavyoruhusiwa kutoa kwa mwaka, na idadi hiyo ikapangwa ipungue mwaka hadi mwaka. Twiga watano, ambao shingo zao huchomoza juu ya moshi, wakapewa kazi ya kukagua hesabu. Atakayezidisha kipimo angepewa miezi mitatu alete mpango wa kurudi ndani ya kipimo, na mpango huo angeusoma mwenyewe, kwa jina lake, mbele ya wote. Hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu ya sheria. Kila kikapu kilikuwa na mwenyewe.

Waliotangulia kuilalamikia sheria walikuwa watoto. Mwana wa Swala na wenzake waliondoka alfajiri wakaenda kwa Kadhi Kobe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Kulikoni mapema hivi?"

"Babu, tumeisoma sheria ya vikapu. Inaeleza vizuri mpaka mwaka wa kumi, kisha kimya. Na baada ya mwaka wa kumi ndipo tutakapokuwa watu wazima. Wazee wakila sasa karibu moshi wote uliobaki, sisi tutaambiwa tuzime kila kitu kwa mpigo."

Kobe aliingiza kichwa ndani ya gamba, akakaa kimya muda mrefu. Alipokitoa alisema, "Uhuru wa watoto hawa umeanza kuliwa leo. Sheria irudi kwa Jumbe, ielezwe mpaka mwisho, na mzigo usisukumwe kwa wale ambao hawajaota pembe."

Jumbe akatii. Vipimo vikakazwa.

Miaka ikapita, na kila mmoja akaonekana alivyo. Kimulimuli alizima tanuri baada ya tanuri. Vilimani alisimamisha mabawa ya kunasa upepo, mapaani akatandika vioo vya kunasa jua. Haikuwa kazi nyepesi, kwani wachimbaji wa makaa waliomlisha miaka nenda miaka rudi walirudi nyumbani mikono mitupu. Fisi naye, ambaye wote walimzibia pua, alikuwa ameanza zamani kabla ya sheria. Alikataa kuzika mabaki mabichi shimoni yaozee humo, akawa anayachambua na kuyatayarisha kwanza. Kijiji hakikumpongeza, lakini vitabu vya Twiga vilimpongeza.

Mchwa alizidisha kidogo kila mwaka. Punda alikuwa ndani ya kipimo mwaka wa kwanza tu, na hapo ni kwa sababu maradhi yalienea, kila mtu akajifungia ndani na barabara zikabaki tupu. Barabara zilipofunguliwa, Punda alizidisha mwaka wa kwanza, akazidisha wa pili. Mwaka wa tatu kipimo chake kilikuwa vikapu 133. Twiga wakahesabu 146.

Mpango alioleta Punda ulikuwa umeandikwa na rafiki yake Sungura kwa mwandiko mzuri. Ulitaja vituo vipya vya kupumzikia na vijia vichache vya wanaotembea. Twiga mkubwa aliinama, akausoma ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, akaukunja.

"Bwana Punda, sisi kazi yetu ni kupima," alisema. "Humu hamna cha kutosha kupimwa."

Mwana wa Swala akainua mkono. "Mjomba Punda, mikokoteni yako inakimbia mno kwenye barabara kuu. Ikienda taratibu, moshi utapungua kuanzia kesho, na hakuna mtu atakayelipa hata senti."

"Mbao za kuandikia amri hiyo hazitoshi kijijini," akajibu Punda.

Shauri likafika kwa kadhi mwingine, naye akaamua kwamba kipimo ni kipimo, Punda na Mchwa lazima walete mipango ya kweli. Ndipo Punda alipopanda juu ya jiwe na kutangaza, "Kama ni hivyo, Jumamosi na Jumapili hapatatoka mkokoteni hata mmoja! Atakayetaka kumzuru mamaye atembee!" Wanyama wakashikwa na hofu. Wengine wakaanza kuwalaumu Twiga.

Katikati ya hofu hiyo Sungura akaomba kusema.

"Ndugu zangu, moshi ukishapanda hauulizwi umetoka kwa nani. Kikapu cha Kimulimuli na kikapu cha Punda, huko juu ni sawasawa. Kimulimuli hupunguza vikapu vingi kwa gharama ndogo. Punda akipunguza kimoja anaumia, na sote tunaumia naye. Kwa nini basi tusipunguze pale palipo rahisi? Tuweke kapu moja kubwa la kijiji kizima. Lisipofurika, tuache kunyoosheana vidole."

Wengi wakatikisa vichwa kukubali. Maneno ya Sungura yalikuwa na ukweli ndani yake, na ukweli huo ndio uliowafanya wasiulize zaidi.

Kimulimuli akasimama. "Ndugu Sungura, mwaka huu nimepunguza vikapu zaidi ya hamsini. Baadhi ni kwa kuzima matanuri. Baadhi ni kwa sababu nyundo za Kigogota zimenyamaza kwa kukosa wanunuzi, na zikiamka nitahitaji kila kikapu nilichookoa. Tuseme basi mambo yote yaniendee vizuri. Siku nitakapozima tanuri la mwisho, sitakuwa na moshi wa kupunguza tena. Siku hiyo Punda ataegemea kwa nani?"

Twiga mkubwa akaongeza, "Mkokoteni unaotoka karakana leo utakuwa barabarani miaka kumi na tano. Jiko analolijenga Mchwa leo litawaka miaka ishirini na zaidi. Kila tunapomsamehe Punda mwaka mmoja, anatoa mikokoteni mingine ya aina ileile. Mnadhani mnaahirisha moshi wa mwaka mmoja, kumbe mmeshaukubali wa miaka kumi na tano."

Fisi, ambaye hakuwa amesema neno tangu sheria ipitishwe, akasema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wa Kimulimuli mnauona mwepesi kwa sababu hamkuubeba. Waulizeni wachimbaji wa makaa kama ulikuwa mwepesi."

Lakini Jumbe Tembo alikalia kiti kwa ridhaa ya koo tatu, na mmoja wa koo hizo ulikuwa wa Punda. Ukoo ule ukinyanyuka, kiti kinayumba. Sheria ikabadilishwa. Vipimo vya kila mmoja vikabaki ukutani vikisomeka, ila havikumfunga tena mtu. Hesabu ikawa ya kapu moja, na kijiji kingelazimika kutenda pale tu ambapo Twiga wangetabiri kwa miaka miwili mfululizo kwamba kapu litafurika. Punda akarudi barabarani akiimba.

Hazikupita siku nyingi akaja Njiwa, mjumbe wa muungano wa vijiji 27 ambavyo kijiji kile ni kimojawapo.

"Salamu kutoka kwa ndugu zenu," alisema. "Tumesikia mna kapu moja sasa. Humu ndani ni hiari yenu. Kwenye daftari la muungano, Kimulimuli na Kigogota wana soko lao la pamoja na hesabu zao ziko huko. Punda, Mchwa, Ng'ombe na Fisi wana ukurasa mwingine, na usafi wa Kimulimuli hausomeki kwenye ukurasa huo. Mkizidisha hapo, mtanunua vikapu kwa vijiji vilivyobakiza."

"Tutanunua kwa fedha za hazina," akasema Sungura haraka.

"Hazina ya nani?" akauliza Mwana wa Swala.

"Ya kijiji."

"Basi atalipa Fisi aliyekwisha kupunguza, atalipa mchimbaji aliyepoteza kazi, nasi tutalipa tukikua, wakati Punda hatajwi popote. Mjomba Sungura, ulisema moshi hauulizwi umetoka kwa nani. Deni nalo je, halitauliza?"

* * *

Hekaya hii ina mahali pake na miaka yake. Kijiji ni Ujerumani, na kila kikapu ni tani milioni moja za gesi joto. Sheria ya vikapu ndiyo sheria ya kulinda tabianchi iliyoanza kutumika nchini humo Desemba 2019. Iligawa mzigo kwa sekta sita, yaani nishati, viwanda, majengo, uchukuzi, kilimo na taka, ikamfanya kila waziri awajibike kwa sekta yake. Waliokwenda kwa Kobe ni vijana na wenzao waliofungua kesi katika Mahakama ya Katiba mjini Karlsruhe. Katika uamuzi uliotangazwa tarehe 29 Aprili 2021, mahakama ilisema sheria ile ilisukuma mizigo mikubwa kwenye kipindi cha baada ya 2030 na hivyo kuuhatarisha uhuru wa watakaoishi wakati huo. Mwaka huohuo lengo la 2030 likapandishwa kutoka kupunguza asilimia 55 hadi asilimia 65 ikilinganishwa na 1990, na mwaka wa kutozidisha tena gesi angani ukavutwa kutoka 2050 hadi 2045.

Hesabu za Punda ni za kweli. Mwaka 2023 uchukuzi wa Ujerumani ulitoa takriban tani milioni 146, kipimo kikiwa 133. Majengo yalizidisha kwa tani milioni moja na kidogo. Mwaka huohuo sekta ya nishati ilishuka kwa asilimia kama 20, ikaivuta nchi nzima hadi tani milioni 674, pungufu ya asilimia 10 kuliko mwaka uliotangulia. Sehemu ya upungufu huo ilitokana na viwanda kuzalisha kidogo. Baraza la wataalamu watano, Twiga wa hekaya yetu, lilikataa mwaka 2022 kuendelea kuupima mpango wa wizara ya uchukuzi kwa jinsi ulivyokuwa pungufu. Mbao zisizotosha ni jibu la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Volker Wissing, alipoulizwa kuhusu ukomo wa mwendo kwenye barabara kuu, na tishio la mwisho wa wiki ni barua yake ya Aprili 2024. Tarehe 26 Aprili mwaka huo bunge likaondoa wajibu wa kila sekta kwa kila mwaka, miezi michache tu baada ya mahakama ya utawala ya Berlin na Brandenburg kuamua kwamba serikali lazima ilete mipango ya haraka kwa uchukuzi na majengo.

Daftari la Njiwa nalo lipo. Katika Umoja wa Ulaya, mitambo ya umeme na viwanda vikubwa vimo katika soko la pamoja la vibali. Uchukuzi, majengo, kilimo na taka vina lengo la taifa, na Ujerumani inatakiwa ifikapo 2030 iwe imepunguza nusu ya gesi za upande huo ikilinganishwa na 2005. Ikishindwa, itanunua haki kwa majirani, na bili itaifikia hazina ya umma.

Ninaposema kila sekta ibebe kipimo chake, sisemi Punda apigwe viboko. Punda hubeba chakula, wagonjwa na wanafunzi. Mchwa ana wapangaji wasio na akiba ya kubadilisha hata bomba moja. Sekta ngumu zinastahili kusaidiwa kwa fedha za wote, na mfano mzuri uko hukohuko Ujerumani. Baada ya ubishi mkali wa mwaka 2023 kuhusu mitambo ya kupasha nyumba joto, serikali ilikubali kulipa hadi asilimia 70 ya gharama zinazokubalika kwa kaya zenye kipato cha chini zinazohamia mitambo isiyotumia mafuta wala gesi. Huko ndiko kugawana mzigo. Aliyelemewa anashikiwa upande mmoja, lakini mzigo unabaki na jina lake na anajua anatakiwa kuufikisha wapi. Kumsaidia mtu na kumfutia wajibu ni mambo mawili, na nchi nyingi zinayachanganya kwa sababu la pili ni rahisi zaidi kisiasa.

Hoja ya Sungura ya kupunguza palipo rahisi ina uzito kwa miaka michache. Udhaifu wake ni kwamba palipo rahisi huisha. Sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kuliona hilo mapema, kwa kuwa kwetu Kimulimuli hana matanuri mengi ya kuzima. Umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, kwenye mabwawa na kwenye upepo wa Ziwa Turkana. Tanzania imejenga Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Desemba 2020 Kenya iliahidi kwamba ifikapo 2030 itapunguza gesi joto kwa asilimia 32 chini ya kiwango ambacho kingefikiwa bila hatua yoyote. Ahadi hiyo haiwezi kutimizwa kwenye mitambo ya umeme peke yake. Itafika kwenye mifugo, kwenye misitu na mashamba, kwenye malori na matatu, kwenye saruji na kwenye majaa ya miji yetu. Nchi zetu zimechangia kidogo sana katika moshi uliokwisha kujaa angani, na zina haki ya kudai msaada wa waliochangia sana. Haki hiyo haituondolei kazi ya kupanga wenyewe, nyumbani, nani atafanya nini.

Na mpango huo uandikwe kabla Punda hajawa na ukoo wa kutikisa kiti. Mfugaji wa Kajiado aambiwe leo atasaidiwa vipi apate malisho bora na mifugo yenye afya inayotoa maziwa mengi kwa idadi ndogo. Mwenye matatu aambiwe leo ni mwaka gani gari la mafuta halitasajiliwa tena, na mkopo wa gari la umeme ataupata wapi na kwa riba gani. Jiji liambiwe leo jaa lake litafungwa lini na taka zitachambuliwa na nani. Kila kipimo kiwe na waziri anayekitolea hesabu kila mwaka bungeni, na wakaguzi wasioteuliwa kwa hisani yake. Akizidisha, aeleze kwa jina lake atarekebisha vipi, na mwenzake aliyefanya vizuri asitumiwe kumfichia. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na sekta inayotegemea upunguzaji wa sekta nyingine itaamka siku moja ikiwa na magari yaleyale, majiko yaleyale na deni ambalo wenye kulilipa walikuwa bado watoto lilipokuwa linakopwa.